Damu Iliyoshikwa Mkononi

Hamad alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimekaa mezani kwangu kazini, Unguja. Akasema, "Dada Salma, mama katutangulia. Alfajiri ya leo." Nikasema linalosemwa, kisha kabla sijajizuia nikamuuliza, "Alikuwa anapumua vipi?" Hamad ni mvuvi wa kisiwa cha Fundo, mtu wa maneno machache, na nilijua anatafuta jibu la heshima kwa swali la kipumbavu. "Kama watu wanavyopumua, dada," akasema. "Alikuwa mtu mzima. Alichoka tu." Nikashukuru, nikakata simu, nikabaki kulifikiria lile swali langu mpaka chai ikapoa. Nimeshakuwa mtu mzima na mimi, nina watu wanaoniita bosi, lakini kila nikisikia habari ya mgonjwa naanzia kwenye pumzi. Niliizoea tabia hiyo katika mwaka mmoja tu, ule mwaka nilioishi Mgogoni, Pemba, katika nyumba ya Bi Mize, mamake Hamad, nikipima damu za watu waliokuwa wakigombania hewa.

Nilikuwa nimemaliza chuo karibuni, masomo ya maabara, na nilikuwa na hofu ya kila kitu. Naweza kusema hivyo sasa bila aibu. Nilikuwa nikifunga mlango, natoka hatua chache, narudi kuutikisa. Nikimsalimia mtu asinijibu, nilikwenda nalo moyoni mpaka jioni, nikitafuta nilichomkosea. Mtu wa namna hiyo akapelekwa kisiwani peke yake, mwaka wa korona, wakati kila aliyekohoa alitazamwa kwa pembe ya jicho. Redioni walisema changamoto ya upumuaji. Wodini tulisema homa ya mapafu. Wagonjwa wenyewe hawakusema kitu, maana kusema kunataka pumzi.

Utafiti wetu ulikuwa wa jambo ambalo mpaka leo napata tabu kulieleza harusini. Virusi vikiingia mapafuni, mwili hutengeneza chembe kali zinazotokana na oksijeni ili kuvichoma. Chembe hizo hazichagui adui. Zikizidi, huanza kuyala mapafu yenyewe, kama kutu inavyokula bati la paa. Mwilini mna vilinzi vya kuzizima, vingine mwili hujitengenezea, vingine hutoka kwenye chakula, kama vitamini C ya ndimu na mapera. Wataalamu huviita antioksidanti. Tulichotaka kujua ni kwamba kwa mgonjwa aliye mahututi, ulinzi huo unabaki kiasi gani, na unashuka vipi kadiri maradhi yanavyomzidi. Kazi yangu ilikuwa kuchukua damu asubuhi, kuifunga kwenye karatasi ya foili isipigwe na mwanga, kuilaza kwenye sanduku la barafu, kisha kuipeleka maabara. Huko niliitia dawa inayogeuka rangi. Ikikolea buluu, ulinzi upo. Ikipauka, umekwisha. Na mimi, kwa akili yangu isiyotulia, nilikaa mbele ya vile vichupa nikifikiri kwamba kule wodini tunawapa watu oksijeni kutoka kwenye mitungi ili waishi, na hapa mezani napima namna oksijeni inavyowala. Sikuwa na wa kumwambia. Daktari Nassor, mkuu wa utafiti, nilipomgusia siku moja, alinitazama juu ya barakoa yake akasema, "Salma, umekula leo?"

Nilikuwa nakula, lakini peke yangu, na hiyo ndiyo sehemu ya mwaka ule ninayoikumbuka kuliko namba zote. Chumba nilichopangishwa kilikuwa cha mbele, kina mlango wake wa barazani, kitanda cha kamba, na dirisha linalotazama muhogo wa Mzee Faki, mume wa Bi Mize. Ukuta mmoja tu ulinitenga na ukumbi wao. Mchana nilisikia mkeka unatandikwa, sinia linawekwa chini, maji ya kunawa yakimiminwa, kisha Bi Mize na wanawake wa jirani wakianza kula na kusema. Nilisikia nani kachumbiwa, nani kanuna, mbuzi wa nani kaingia shamba la nani. "Mlete huyo pweza upande wangu, mbona mwamlea kama mwari?" Vicheko. Mimi chakula changu kililetwa barazani, kwenye sahani yangu mwenyewe, nyeupe, yenye maua ya buluu ukingoni, imefunikwa kawa. Bi Mize aligonga mlango mara moja akaondoka. Nilipofungua nilikuta kawa tu na mgongo wa kanga yake ukipotelea uani.

Nilijua sababu, au nilidhani najua. Nilitoka kwa wagonjwa kila siku. Nani atataka kutia mkono kwenye sinia moja na mimi? Nikaona nisiwape tabu zaidi. Kila nikimaliza kula niliiloweka ile sahani kwenye ndoo ya maji ya klorini, nikaisugua, nikaianika juani, nikairudisha mlangoni kwao na kuondoka haraka. Niliona huo ndio ustaarabu. Baada ya muda maua ya buluu yakaanza kufifia. Nilikuwa nikiyatazama nikila, petali moja moja ikipotea, na nikaziona kama vichupa vyangu. Ndivyo kichwa changu kilivyo. Kila kitu hukifanya majibu ya maabara.

Kisha Mzee Faki akaanza kukohoa. Nilimsikia kupitia ukuta, nikahesabu pumzi zake kwa sikio bila kutaka, nikajua kabla ya wao kujua. Alichukuliwa mchana wa Ijumaa, akiwa bado na kofia yake ya kwendea msikitini, na alipolazwa wodi ya mahututi nami nilikuwepo, nimevaa gauni la plastiki na miwani mikubwa. Sidhani kama alinitambua. Jamaa hawakuruhusiwa kuingia. Walikaa kwenye benchi la nje, chini ya madirisha ya vioo vya kupandisha, na waliobahatika waliona kipande cha shuka.

Nilitakiwa kumuomba Bi Mize ruhusa ya kutoa damu ya mumewe kwa utafiti. Ilikuwa mara ya kwanza tunakaa karibu kiasi hicho, benchi moja, kila mmoja na barakoa yake.

"Damu yake mwaipeleka wapi?" akauliza.

"Maabara, Bi Mize. Tunaipima nguvu yake ya kujilinda."

"Kisha mwampa dawa?"

"Hapana. Haibadilishi matibabu yake. Ni kwa kujifunza, iwafae watakaokuja."

"Basi chukua. Lakini mie sitaki habari za watakaokuja. Weye ukishaipima, uje unambie damu ya mume wangu yasemaje."

Nilipaswa kumwambia kwamba majibu ya utafiti hayatolewi kwa jamaa. Nilijua sababu zote, nilizisoma na kuzifanyia mtihani. Nikasema, "Inshallah." Na kwa watu wenye wasiwasi kama mimi, inshallah ikishatoka mdomoni huwa ni deni.

Alichokuwa anakitaka alinieleza mwenyewe siku iliyofuata, bila mimi kuuliza. Mwanawe mkubwa, Hamad, alikuwa hasemezani na babake. Alimjibu mbele za watu, nje ya msikiti, maneno ambayo Bi Mize hakuyarudia, kisha akahamia Fundo kwa watu wa mkewe, na sikukuu zikapita bila kuvuka kuja kutoa mkono. Babake naye akaapa hatamtafuta. "Wote wawili vichwa vyao mawe," Bi Mize akasema. "Mie nilikuwa nangoja wachoke. Sasa sijui kama nina wakati wa kungoja. Nikimwita leo, atasema mama anitega, babangu hana kitu. Hatokuja. Nikichelewa, babake atakwenda hajampa radhi, na kijana atabaki na mzigo huo mpaka siku yake. Ndiyo maana nataka kujua. Si umbeya."

Kwa hiyo nililala na swali lile na kuamka nalo. Lilikuwa swali la wakati, na mimi ndiye niliyekuwa na kitu kilichofanana na saa.

Asubuhi moja Mzee Faki alikuwa mgonjwa wangu pekee. Nikamtoa damu. Bi Mize alikuwa amesimama nje, paji la uso kwenye kioo, akiufuata mkono wangu mpaka nilipokifunga kichupa kwenye foili na kukilaza kwenye barafu. Nilipotoka tu, muuguzi akaniita ndani kwa sauti ya hofu: mtungi wa oksijeni ulikuwa unakwisha na mikono haitoshi kuubadilisha. Nikaliweka sanduku kwenye benchi, nikamwambia Bi Mize, "Niangalizie," nikarudi mbio. Kubadilisha mitungi kulichukua muda kuliko nilivyofikiri, maana spana haikuonekana. Nilipotoka, sanduku lilikuwa palepale, limefungwa, na Bi Mize pembeni yake, midomo inacheza kwa dua. Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Maabara, rangi haikukolea. Nilingoja, nikaitazama tena kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa buluu ya maji yaliyosuziwa kitambaa. Nilikuwa sijawahi kuona damu ya mtu aliye hai iliyopauka namna ile. Daktari Nassor akaitazama akasema kwa utulivu, "Kipimo kimoja si hukumu. Kesho chukua nyingine." Alisema kweli na nilijua ni kweli. Lakini alikuwa anazungumza na mtu ambaye hajui kungoja kesho. Njia nzima ya kurudi Mgogoni nilijibishana na nafsi yangu. Nikisema, navunja utaratibu, na pengine namtia mtu msiba wa bure. Nisiposema, na kesho isifike? Nilipoiona baraza nilikuwa nimeamua kunyamaza. Bi Mize alikuwa amerudi kuoga na kuswali, amekaa kwenye ngazi akichambua mchele ambao hakuna wa kuula.

"Haya," akasema. "Yasemaje?"

Nikasema, "Imechoka, Bi Mize."

Hakulia. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, na nikamsikia kupitia ukuta akipiga simu Fundo. "Hamad. Sikuombi. Nakwambia. Damu ya babako imechoka, amesema mwenye kuipima. Njoo."

Hamad alifika hospitali siku ileile kabla ya alasiri, nguo zake zina chumvi mpaka magotini. Nilikuwa nimesharudi wodini, kwa hiyo niliyaona yote kwa upande wa mgonjwa. Vioo vilipandishwa, na kwenye ule upenyo yakaonekana macho na vidole vya mtu mzima vimeshika ukingo wa dirisha. "Baba," akasema. "Baba, ni mie. Nimekuja kutaka radhi. Nilikosa." Mzee Faki alikuwa na barakoa ya oksijeni, inajaa ukungu na kukauka. Aligeuza kichwa. Sikujua kama atakigeuza upande wa dirisha au upande wa ukuta, na nadhani hata yeye alikuwa hajajua. Kisha akauinua mkono wenye sindano, akakifungua kiganja, akauacha hewani hivyo mpaka ukaanza kutetemeka. Nikausaidia kushuka. Nje nikasikia mwanamume analia kama anayekohoa. Nikatazama sakafu. Miwani yangu ilijaa ukungu, na mle ndani hairuhusiwi kujifuta.

Asubuhi iliyofuata nilichukua damu nyingine, nikaitia dawa, na rangi ikakolea. Si sana, lakini ilikuwa buluu ya kweli, ya mtu anayepigana. Nikarudia. Ikakolea tena. Kwa muda nilikaa pale nikifikiri mambo ambayo mwanafunzi wa sayansi hapaswi kuyafikiri, kuhusu mkono uliofunguliwa na yale unayoweza kuyafanya ndani ya damu. Daktari Nassor akanirudisha duniani. "Au ya jana iliharibika kabla ya kufika. Joto na mwanga huua vilinzi hivi ndani ya kichupa, unajua. Sanduku lilikaa wapi?"

Nilimkuta Bi Mize kwenye benchi lake. Hamad alikuwa amekwenda kutafuta chai. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyeligusa sanduku.

"Hakuna aliyeligusa," akasema. Halafu, "Ila mie."

"Ulifungua?"

"Nilimtoa."

"Ulimtoa nani, Bi Mize?"

"Mume wangu." Akafungua viganja vyake juu ya mapaja, akavitazama. "Tangu Ijumaa sijamgusa. Nimekaa naye miaka, mwanangu, sijapata kukaa siku nyingi hivi sijamgusa. Nikaona wamtia kwenye barafu, hali mwenyewe hapendi baridi. Nikakitoa kile kikaratasi, nikamshika, nikamsomea Yasini yote. Nikahisi apata joto. Kisha nikamfunga vizuri nikamrudisha. Nimeharibu?"

Nilijaribu kumweleza. Kwamba damu aliyoishika ilichoka mikononi mwake, si mwilini mwa Mzee Faki. Kwamba nilichomwambia barazani hakikuwa kweli, nimemfanya amwite mwanawe kwa jambo ambalo halikuwepo. Nilieleza kwa haraka na kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Alinisikiliza, macho yake juu ya barakoa yakinikazia, kisha yakafinyika, na nikatambua kwamba anacheka.

"Usimwambie Hamad," akasema.

"Bi Mize…"

"Usimwambie! Mwache amuogopee babake. Amekaa hapa tangu jana, amemnunulia asali, amemnunulia sijui nini. Ukimwambia babako mzima, kesho yuko Fundo." Kisha akaacha kucheka. "Na weye, nikuulize. Tumekufanyani?"

"Nani?"

"Sie. Sahani yarudi kila siku yanuka kama choo cha hospitali. Watu wakila kwa mtu hurudisha sahani na kitu, hata ndimu moja, hata majani ya mchicha. Weye waiosha kwa dawa kama tuna ukoma, waiacha mlangoni wakimbia. Nikasema, huyu wa mjini atuona wachafu. Basi nikawa nakuwekea na mie nakimbia, nisikuudhi."

Nikamwambia nilichokuwa nakiogopa. Tukatazamana, wanawake wawili waliokuwa wakikimbiana kwenye mlango mmoja kwa miezi, kila mmoja akimlinda au akimkwepa mwenziwe. Hatukuweza hata kushikana mikono. Akalisogeza sanduku langu la barafu karibu nami kwa ncha ya kidole, na hilo ndilo lililokuwa kumbatio letu.

Mzee Faki alirudi nyumbani. Alikuwa amekonda na akitembea anasimama kila baada ya muda kuzitafuta pumzi zake, lakini alirudi, na Hamad akawa anavuka kila juma kuja kumlimia muhogo. Ungedhani baada ya hapo nilikaa kwenye sinia. Sikukaa. Mgonjwa alikuwa ndani na kifua chake bado dhaifu, na mimi ndiye niliyesisitiza kwamba nisiingie, kila nilipoitwa. Sahani ikaendelea kuja barazani, ila sasa Bi Mize alisubiri nifungue mlango, akasimama mbali, tukasema mawili matatu, nami nikawa nairudisha na ndimu. Kupitia ukuta niliendelea kusikia vicheko. Mara nyingine alipaza sauti: "Salma, umesikia hiyo?" Nami nikajibu kutoka kitandani, "Nimesikia!" na wanawake wakazidi kucheka. Upweke wa mtu anayeitwa kupitia ukuta ni wa namna yake. Nikifikiri sasa, labda ulikuwa mkali zaidi kuliko ule wa mwanzo, maana nilishajua ninachokikosa. Utafiti ulipomalizika ilikuwa Ramadhani. Niliondoka asubuhi, wakati nyumba nzima imefunga na hakuna wa kula na mwenzake.

Baada ya simu ya Hamad nilifika Mgogoni siku ya tatu ya msiba wa Bi Mize. Mzee Faki alishatangulia zamani, kitandani kwake, Hamad akiwa amemshika. Hamad mwenyewe ana mvi ndevuni. Tulikaa kwenye ngazi ileile ya mchele, na baada ya kupeana pole akasema, "Kuna neno nilitaka kukuuliza, dada. Mama siku za mwisho alikuwa akikutaja. Alisema, mkimuona Salma mwambieni ahsante, aliniachia nikamshika babenu alipokuwa hashikiki. Mie nilikuwa pale. Hakuna aliyeingia wodini. Ulimwachia vipi?"

Nilikuwa na muda wa kufikiria kila jibu, na nilifikiria kila jibu. Bi Mize alisema usimwambie. Lakini Bi Mize huyohuyo ndiye aliyemtuma na lile neno. Nikamweleza: kichupa, foili, Yasini, rangi iliyopauka, rangi iliyokolea asubuhi yake. Hamad akasugua kovu la mshipi wa kuvulia kwenye kidole chake.

"Kwa hiyo siku ile baba hakuwa anakufa."

"Sijui. Damu ile haikutuambia kitu."

"Na mie nilikuja kwa ajili ya damu ile."

"Ndiyo."

Akatazama shamba la muhogo. "Basi ni mikono ya mama iliyoniita," akasema, akanyanyuka kwenda kuwapokea watu wa Fundo waliokuwa wakiingia.

Mimi nikaitwa ndani. Ukumbi ule, ambao niliusikia mwaka mzima na sikuwahi kuuona, ni mdogo kuliko nilivyoudhani. Mkeka ulikuwa umetandikwa, sinia la wali liko katikati, na wanawake wamekaa kuzunguka, magoti kwa magoti. Juu ya wali, pembeni ya samaki, palikuwa na sahani ya ndimu na pilipili. Sahani nyeupe isiyo na ua hata moja, ukingo wake umebaki na kivuli cha buluu. Mtu akakamua ndimu, akairudisha sahani bila kuitazama. Nikakaa karibu na mlango na kungoja, kama nilivyozoea. Hakuna aliyeniletea sahani. "Salma, wangojani?" akasema mmoja, akibana magoti kunipa nafasi. "Nawa ule."